Ukistaafu Jeshi, Rudi Mtaani na Kazi Moja

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji aliye jeshini, ambaye kwa maelezo yake amebakiza muda mfupi kabla ya kuvua sare na kurudi kwao, katika mji mdogo wa kusini mwa Pwani. Baada ya shikamoo na kunijulia hali, aliniuliza jambo ambalo wenzangu wengi wa zamani hulizunguka bila kulitamka: afanye nini ili asiishie kuwa mzee wa barazani anayesimulia vita na kungojea pensheni kila mwisho wa mwezi? Alisema anataka kuutumikia mji wake na kwamba ana mipango mingi, kuanzia timu ya mpira na kituo cha mayatima hadi ulinzi wa mtaa na upandaji wa mikoko, lakini hajui aanze na upi. Nilimjibu kwa maneno machache kwenye simu. Hapa ninamjibu kwa kirefu, kwa sababu ninaamini kila anayenisoma amewahi kutamani kurudi nyumbani na kuwafaa watu wake, na kwa sababu niliyoyapitia Mtongwe, huku Likoni ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, tangu nistaafu yananipa haki ya kusema nitakayoyasema.

Jibu langu ni hili. Chagua kazi moja, ile ambayo jeshi liliifundisha mikono yako, uifanye mahali pamoja na kwa siku ile ile kila juma, na usiiache hata wakati ambapo hakuna anayekutazama. Mengine yote yafuatayo ni maelezo ya jibu hilo.

Mimi ni mtoto wa Likoni. Jeshi la Wanamaji la Kenya liliundwa Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, na kambi yake kuu iko Mtongwe, kwa hivyo sisi tuliolelewa upande huu tulikua tukizitazama meli za kijivu zikiingia na kutoka bandari ya Kilindini, na wengi wetu tuliitamani sare ile nyeupe kabla hatujajua kusoma. Mimi nilijaliwa kuipata. Nilikuwa bado mgeni kazini, kijana asiye na mke wala cheo, asubuhi ya Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994, wakati feri ya Mtongwe ilipopinduka ikiwa imejaa watu waliokuwa wakivuka kwenda kisiwani kutafuta riziki. Walikufa watu 272. Feri haikuwa imefika mbali. Ilipinduka karibu na ufuo, watu wa nchi kavu wakiona.

Tulitumwa kusaidia, mwanzo kuokoa na baadaye kutoa maiti, na sitayasimulia yote niliyoyaona kwa sababu jamaa za marehemu bado wako nasi na wanasoma kama mnavyosoma ninyi. Ninataja moja tu. Nilimtoa majini mtu mzima niliyemfahamu tangu utotoni, karani wa mjini, akiwa bado amefunga tai yake vizuri na kalamu imekaa mfukoni mwa shati. Nyumba yake iliitazama bahari. Alikuwa ameivuka bahari ile asubuhi na jioni kwa miaka mingi, alikuwa amekula samaki wake tangu azaliwe, na hakujua kuogelea hata kidogo. Wengi niliowafahamu miongoni mwa waliokufa siku ile walikuwa hivyo. Sisi watu wa Pwani tunajisifu kwamba bahari ni yetu, lakini mzazi wa Likoni akimwona mwanawe akielekea ufuoni humchapa na kumrudisha nyumbani, na mtoto huyo hukua akiiogopa bahari bila kuijua.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi, na kazi ya jeshi haisimuliwi ovyo. Itoshe kusema kwamba nilijifunza kuzamia na kuokoa, nikawafundisha walionifuata, na nilikuwa miongoni mwa waliohudumu wakati majeshi yetu yalipoingia Kismayu kwa njia ya bahari mnamo Septemba 2012. Ninajivunia utumishi huo. Baada yake nilipewa barua yangu, nikakabidhi vifaa, nikarudi kwenye nyumba ya marehemu baba yangu.

Ndugu yangu unayejiandaa kurudi, jua kwanza unarudi mahali gani. Likoni ina kumbukumbu ndefu. Mnamo Agosti 1997 washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, na vurugu zilizofuata ziliwaua watu na kuwahamisha maelfu makwao. Kipindi nilichorudi mimi kilikuwa cha misako na vijana waliochukuliwa usiku wasionekane tena, na mama zao waliogopa mtu yeyote aliyewahi kushika bunduki ya serikali. Nilipokatiza karibu na maskani, vijana walinyamaza hadi nipite. Baadaye nikasikia kwamba inasemwa nimewekwa, kwamba mimi ni jasusi na ile hadithi ya kustaafu ni kisingizio. Jirani tuliyegawana naye ukuta alimkataza mwanawe kuniamkia. Sitadanganya kwamba liliniingia sikio moja na kutokea la pili. Liliniuma, na hadi leo nikimwona jirani yule, ambaye sasa ananiita ndugu, kuna kitu kinanikaba kooni kabla sijamrudishia salamu.

Sikuenda kwa mtu kujitetea, kwa sababu mtu anayejieleza sana huzidi kushukiwa. Nilikwenda kwa imamu wa msikiti wetu baada ya sala ya Alasiri, nikamwambia kwamba ninataka kuwafundisha watoto wa mtaa kuogelea na kuokoana, na kwamba sina jingine. Kisha nikayaweka masharti yangu mbele ya wazazi kabla hawajaniwekea yao. Mafunzo yatafanyika ufuoni, peupe, na mzazi yeyote anakaribishwa kukaa na kutazama tangu mwanzo hadi mwisho. Sitamuuliza mtoto habari za kaka yake wala za baba yake. Sitaingia katika ofisi ya chifu peke yangu, na nikiitwa huko nitakwenda na mmoja wao. Anayetafuta majina ya watu akayatafute kwingine, wala asinitume mimi. Masharti hayo sijayavunja, na ninakuambia waziwazi kwamba bila hayo yote mengine yasingewezekana. Aliyestaafu jeshi akianza kupeleka maneno, hata kwa nia njema, hatapata mtoto wa mtu wa kumfundisha, na hatastahili kumpata.

Imamu alinisaidia kuliko nilivyotarajia. Katika hotuba ya Ijumaa aliwakumbusha waumini kauli mashuhuri inayonasibishwa na Sayyidna Omar bin al-Khattab, ya kuwafundisha watoto kuogelea, kurusha mishale na kupanda farasi, akawauliza ni lini watu wa kisiwani na ng'ambo zake walianza kuona kwamba kuogelea ni uhuni. Jumapili iliyofuata walikuja watoto wachache, karibu wote wa wavuvi. Niliwapokea kana kwamba ni kuruta wa meli nzima, kwa mstari na kwa heshima, nikaanza.

Sasa nizungumzie kazi yenyewe, maana najua wapo watakaotaka kuanza Jumapili ijayo. Ufuo wetu unapakana na mlango wa Kilindini, meli kubwa hupita, na mkondo ni mkali. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa Mombasa hupita mita tatu, na maji yote hayo huingia na kutoka kwa saa sita sita, kwa hivyo mtoto asiye na nguvu hubebwa kabla hajajua amebebwa. Siku za maji mafu, tofauti hiyo inapopungua, bahari hutulia, na uzuri wake ni kwamba hujaa katikati ya asubuhi, wakati watoto wameshakunywa chai na jua halijawa kali. Kwa kuwa bamvua na maji mafu hupokezana kila baada ya juma moja, tulipanga hivi: Jumapili ya maji mafu tunaingia majini, Jumapili ya bamvua tunabaki mchangani tukijifunza kamba, kurusha na kufufua. Siku haibadiliki kamwe, kinachobadilika ni somo. Kusi likivuma sana tunabaki mchangani hata kama maji ni mafu, na mtoto anayelalamika huambiwa aende nyumbani akatulie, kwa sababu asiyeweza kuitii bahari hawezi kufundishwa kuitumia.

Wasichana walichelewa kuja, na sababu yake ilikuwa ya haki. Hakuna mzazi mwenye staha atakayempeleka binti yake akashikwe mkono majini na mwanamume asiye maharimu wake, yaani jamaa wa karibu asiyeweza kumwoa, hata awe mzee mwenye mvi. Mama mmoja, mwalimu wa chekechea, alijitolea kufundishwa mimi nikiwa nchi kavu na mumewe akiwa naye majini, na alipohitimu alianzisha kikao cha wasichana peke yao upande wa pili wa mawe, wakiwa na suruali na shati la mikono mirefu la kitambaa chepesi. Dera na leso tulizikataza kabisa. Nguo pana ikilowa huwa nzito na huzunguka miguu, na ukitaka kujua kwa nini wanawake hupata taabu zaidi chombo kinapopinduka, chovya dera moja katika ndoo kisha ulinyanyue kwa mkono mmoja. Mama huyo ameshafundisha wasichana wengi kuliko wavulana niliowafundisha mimi. Ninalitangaza hilo kwa furaha.

Vifaa hatukuwa navyo. Boya la duka ni ghali, na jaketi la kujiokolea ni ghali zaidi, kwa hivyo tulitumia mtungi wa lita 20 wa mafuta ya kupikia, ule wa manjano, ambao katika mji huu usio na maji ya uhakika haukosekani katika nyumba yoyote. Mtungi huo mtupu, ukifungwa kifuniko sawasawa, unaweza kuhimili uzani wa karibu kilo 19 juu ya maji, ilhali mtu mzima aliyemo majini anahitaji msaada wa kilo chache tu ili kichwa kikae juu. Tunafunga kamba ya nailoni kwenye mshikio kwa fundo lisilofunguka, urefu wa hatua kama ishirini, na ndani ya mtungi tunatia maji kiasi cha kikombe kimoja au viwili. Maji hayo huupa uzito wa kuruka mbali. Mtungi mtupu kabisa hurudishwa na upepo na kuanguka miguuni pako. Mrushaji husimama imara, hukanyaga ncha ya kamba kwa mguu mmoja, hurusha mtungi upite kichwa cha anayezama, kisha huuvuta taratibu hadi umfikie mikononi. Mtoto wa miaka kumi anaweza. Tumewaona watoto wa miaka kumi wakifanya hivyo vizuri kuliko baba zao.

Kanuni yetu ya kwanza ni kwamba mnyooshee kitu akishike kwanza, ikishindikana rusha mtungi, na kuingia majini mwenyewe kuwe ni hatua ya mwisho kabisa ya yule aliyefundishwa. Huruma bila ujuzi imeua ndugu wawili wawili katika pwani hii, mmoja akimfuata mwenzake. Methali inatuambia kwamba mfa maji haachi kutapatapa, na watu husubiri kutapatapa huko ndipo wajue kuna hatari, lakini mara nyingi mtu anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo wake uko usawa wa maji, kichwa kimeinama nyuma, mikono inasukuma maji chini kwa pembeni, na pumzi aliyonayo haitoshi hata kuita jina. Anaweza kutoweka chini ya dakika moja, watu wakiwa kando yake wanacheka. Mzazi aliye ufuoni asisikilize tu, atazame.

Akishatolewa majini, ninaomba sana tuachane na ile desturi ya kumning'iniza mtoto miguu juu kichwa chini, au kumkandamiza tumbo ili atapike maji. Hiyo hupoteza dakika ambazo ubongo wake hauna, na inaweza kuyapeleka matapishi mapafuni. Kama hapumui, mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, mpulizie pumzi tano kwanza kwa kuwa kilichomwangusha ni kukosa hewa, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 na umpulizie mara mbili, ukirudia bila kusita. Mwendo wa kukandamiza ni kati ya mara 100 na 120 kwa dakika, na kwa mtu mzima kifua kishuke karibu sentimita tano. Wakati huohuo mwingine atafute gari, maana hospitali kuu iko kisiwani na sisi tuko ng'ambo, na kila mtu wa Likoni anaijua foleni ya feri. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye. Usiridhike na maelezo yangu. Msalaba Mwekundu wa Kenya hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza, na mikono hujifunza kwa kufanya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu nusu yao walikuwa hawajafika umri wa miaka 30. Mimi nina takwimu yangu ndogo isiyoandikwa popote. Msimu wa kusi uliopita, ngalawa ya mvuvi mmoja ilipinduka jirani na mawe, na binti wa darasa la nane aliyekuwa ufuoni akisubiri kununua samaki alichukua mtungi wa maji wa muuza samaki, akaumwaga, akabakiza vikombe viwili kama alivyofundishwa, akaufunga kamba ya nanga na kuurusha. Mvuvi yule ni baba wa watoto watano. Alikuja nyumbani kwangu jioni na mkono wa samaki, akakaa, hakusema neno kwa muda mrefu. Mnaoniuliza kwa nini sikwenda Nairobi kutafuta kazi ya ulinzi katika kampuni, kama walivyofanya wenzangu na kujenga maghorofa, jibu lenu ni huyo aliyekaa kwenye kiti changu.

Utaniuliza, na ile mipango mingine yote? Mji wako una njaa, una unga wa kulevya unaowaharibu vijana, una taka na mitaro iliyoziba, na wewe unaambiwa ushike kazi moja tu. Nitakujibu kwa kilichotokea hapa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, Mombasa ilipopata mlipuko wa chikungunya. Nyumba nzima nzima zililala, watu wazima wakitambaa kwenda msalani kwa maumivu ya viungo. Mbu anayeeneza ugonjwa huo huuma mchana na hutaga mayai katika maji safi yaliyotuama, na sisi, kwa kuwa mifereji hutoa maji siku itakayopenda, tumejaza mapipa na madebe kila ua. Hakuna aliyelazimika kuunda kamati. Wazazi na vijana waliozoea kuonana kila Jumapili ufuoni walikutana Jumapili kama kawaida, wakagawana vichochoro, wakaenda nyumba kwa nyumba kufunika mapipa na kusugua kuta zake za ndani kwa brashi, maana mayai ya mbu hao hung'ang'ania ukutani juu ya maji na kumwaga maji peke yake hakuyaondoi. Kazi hiyo ilirudiwa kila juma kwa sababu yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Watu waliozoeana katika jambo moja dogo huweza kubeba jambo kubwa likija. Waliokutana kwa mara ya kwanza siku ya msiba hugombana nani ashike daftari.

Kwa hivyo narudia: moja, mahali pamoja, siku ile ile. Najua nimeshalisema, na nitalisema tena, kwa sababu nimewaona wastaafu wenye uwezo kunishinda wakianza mambo manne mwaka wa kwanza na wa tatu hawana hata moja.

Sasa nifike kwenye lile ambalo msomaji wangu hakuliuliza, lakini litamkuta. Utakapofanikiwa kidogo, watakuja watu kukutumia. Mwaka mmoja wa uchaguzi alifika mheshimiwa fulani na msafara wake, akiwa ameleta majaketi ya kujiokolea mapya ya rangi ya machungwa, bado yako katika mifuko yake ya nailoni. Watoto walivishwa, wakapangwa mstari, picha zikapigwa, hotuba ikatolewa kuhusu mapenzi yake kwa vijana wa Likoni. Baada ya hapo wasaidizi wake waliwavua watoto majaketi yale mmoja mmoja, wakayarudisha kwenye gari kwa maelezo kwamba yatasajiliwa ofisini kisha yaletwe. Hayakuletwa. Kuna mtoto wa miaka saba aliyekataa kuvua lake, akalishika kwa mikono miwili, na mtu mzima mwenye suti alimfungua vidole kimoja kimoja. Nilisimama pale nikitazama, mimi niliyelitumikia taifa hili utu uzima wangu wote. Kila ninapoiona picha ile ikitumiwa, na hutumiwa bado, damu hunichemka. Siku ya Mashujaa ya mwaka huohuo, tarehe 20 Oktoba, cheti cha utumishi wa jamii cha eneo letu alipewa mtu ambaye sijawahi kumwona ufuoni hata siku moja.

Nimeyaandika haya ili ujue mapema kwamba shukrani rasmi huenda zisije, na zikija zinaweza kupotea njia. Sheria ya mwaka 2022 kuhusu wanajeshi wastaafu inatutambua, na hilo ni jema na lilicheleweshwa mno, lakini sheria haiwezi kumlazimisha jirani kukuheshimu wala kiongozi kuwa mkweli. Kama unarudi mtaani ili uitwe shujaa, baki kambini hadi wakutoe. Tenda wema uende zako, walisema wazee wetu, na walikuwa wakisema na watu kama sisi, tuliozoea kupigiwa saluti na kuandikwa kwenye orodha ya nishani. Mtaani hakuna saluti. Kuna mtoto anayekuita babu afande, na kuna mama anayekutengea kitafunio kwenye sahani ukipita kwake alfajiri. Ukiona hivyo ni vidogo, basi nia yako haijakomaa, na ninakuambia hivyo kwa mapenzi, kama kaka mkubwa.

Usitumie kiinua mgongo chako. Hili nalisisitiza kwa wanaume wenzangu ambao hupenda kuonekana wakitoa. Pesa hiyo ni ya mke wako, ya paa na ya ada za watoto, na kazi ya jamii inayolishwa na mfuko wa mtu mmoja hufa mfuko ukitoboka, tena humwacha mwenyewe na uchungu kwa watu aliotaka kuwasaidia. Kamba yetu ya kwanza niliinunua mimi. Zote zilizofuata zimenunuliwa na wazazi kwa mchango wa kiasi ambacho hata muuza maji wa mkokoteni anaweza kukitoa. Mzazi aliyechangia shilingi ishirini huja kuuliza kamba iko wapi.

Jiandikisheni pia. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua kumi, katiba na viongozi waliochaguliwa, na mahali pa kuanzia ni ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi. Pesa zipitie akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, kamwe zisikae kwenye simu ya mtu, hata awe mwaminifu kama nani. Mweka hazina wetu ni mwanamke anayeuza viazi karai njia ya kwenda kivukoni, mtu ambaye hesabu zake za asubuhi hadi jioni hazijawahi kupotea hata sarafu, na kila mwisho wa mwezi anasoma daftari kwa sauti ufuoni, mbele ya watoto, pamoja na jina la kila aliyechangia na risiti ya kila kilichonunuliwa. Mara mbili tatu amenihoji mimi mwenyewe hadharani kuhusu nauli niliyoitumia, na nilimjibu nikiwa nimesimama.

Viongozi huchaguliwa kila Januari. Nilikuwa mwenyekiti tulipoanza, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyekubali, na baada ya vijana wa kwanza kupata vyeti vya huduma ya kwanza nilitangaza kwamba sitagombea tena. Baadhi ya wazee walinijia wakitaka nibadili nia, wakisema heshima ya kikundi ni mimi. Nilikataa, maana kikundi kinachosimama kwa heshima ya mzee mmoja huzikwa naye. Mwenyekiti wa sasa ni kijana wa boda boda, makamu wake ni yule mwalimu wa chekechea, na mimi nimepangiwa zamu kama wakufunzi wengine. Jumapili ya bamvua ninafundisha mafundo, na Jumapili ya maji mafu ninakaa kwenye mtumbwi wa ulinzi nikiwa na kamba na mtungi.